Mac Andrew wa Gold Coast Suns: abaki beki au asogezwe mbele?

Bin_Oval

Wakuu, salaam. Naomba tumchambue kwa utulivu Mac Andrew, beki mrefu wa Gold Coast Suns kwenye AFL, ligi ya ule mpira wa miguu wa Australia. Kila Gold Coast Suns wakikosa magoli hoja ni ileile: mtoeni nyuma, mpelekeni mbele akadake (kwenye mchezo huu anayedaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu anapewa nafasi ya kupiga bila kuzuiwa). Wakifungwa mengi hoja inageuka: anadaka sana ila mtu wake anafunga. Zote mbili nazisikia hata kwa watu wanaoujua huu mchezo vizuri.

Kwa wageni: kijana kazaliwa Misri mwaka 2003, wazazi wake ni wa Sudan Kusini, kakulia Melbourne na kuchezea Dandenong Stingrays. Urefu wake unapita mita 2. Suns walimchukua namba 5 kwenye drafti ya 2021, yaani zamu za klabu kuchagua vijana, akijulikana kama mtu wa raki (mrefu anayegombea mpira ukirushwa juu) na mbele, kisha wakamgeuza beki. Mwaka 2024 akatia saini mkataba unaomweka pale hadi 2030. Agosti ya mwaka huohuo, uwanja wa Docklands, akawapiga Essendon goli la ushindi baada ya king'ora, tofauti ya pointi 1. Tangu siku ile wanaomtaka mbele hawanyamazi.

Ninachotaka kujua: nafasi yake sahihi ni ipi? Ni kitu gani hasa bado hakijakomaa? Na mwili ule mwembamba uongezwe kilo ngapi, kwa kasi gani, bila kumharibia kuruka? Naomba majibu ya kiufundi. Idadi ya mipira aliyodaka peke yake hainitoshi.

---

Mama_Sherrin

Abaki nyuma. Na sababu yangu si zile picha za yeye akiwa juu ya mabega ya watu.

Beki wa kunyakua mipira, yaani anayemwacha mtu wake kwenda kudaka mpira wa adui, kazi yake inaanza kabla mpira haujapigwa. Adui ana mpira mita 70 kutoka kwenye goli lako. Wewe uko na mtu wako, karibu na mraba wa goli au kwenye mstari wa mita 50. Hapo unatakiwa umsome mpigaji: amebanwa au yuko huru? Mabega yake yameelekea wapi? Yuko kwenye mguu wake mzuri au amelazimishwa kutumia mwingine? Ana mbio au amesimama?

Akiwa amebanwa, atapiga juu na mbali. Mpira wa mita 50 wa namna hiyo unakaa hewani karibu sekunde 3, na kwa sekunde 3 mtu mwenye mbio anakula mita 15. Kwa hiyo beki anaweza kumwacha mtu wake mita 5 hata 7 na bado akafika. Mpigaji akiwa huru mambo ni mengine kabisa. Atapiga mpira wa chini, mita 30 hadi 35, ambao haufiki sekunde 2 hewani. Ukiwa umemwacha mtu wako mita 5, mpira umeshadakwa wewe bado unageuka.

Hapo ndipo naona makosa mengi ya Andrew. Mikono hana shida nayo. Anaondoka kwa mtu wake wakati mpigaji bado ana nafasi ya kuinua kichwa. Akipatia, anaonekana mfalme wa anga. Akikosea, watu wanasema hajui kukaba, wakati kosa limefanyika sekunde mbili nyuma, mahali ambapo kamera ya televisheni haionyeshi.

Cha pili ni kupangua. Wengi hudhani kupangua ni kuupiga mpira ngumi tu, popote uende. Ukiupiga ukaanguka chini, mita 2 mbele ya kundi, umewapikia wale wafupi wa adui wanaosubiri makombo, na goli hilo ni rahisi kuliko lile ulilozuia. Ngumi inatakiwa kuupeleka mpira kwenye mstari wa pembeni, au uende mbali kiasi kwamba wafupi wako ndio wanaufikia kwanza. Ukiwa umebanwa karibu na nguzo, upige uvuke mstari wa nyuma: unatoa pointi 1 badala ya 6, na timu yako inaanzisha mpira.

Angalia pia mkono unakotoka. Mkono wa beki mrefu unaposhuka kutoka juu kwenda chini, unapiga mikono ya mwenzako kabla ya kufika kwenye mpira. Filimbi inalia, na mshambuliaji anapata mpira wa faulo mita 20 mbele ya goli. Mkono sahihi unasafiri mbele, sambamba na ardhi, unapita juu ya bega la mshambuliaji bila kugusa mgongo wake. Kwa urefu wa mikono ya Andrew, anaweza kufanya hivyo akiwa nusu hatua nyuma ya mtu, mahali ambapo beki wa sentimita 190 lazima asukume ndipo afike. Hiyo ni zawadi ya kuzaliwa nayo. Ukimpeleka mbele unaitumia nusu tu.

---

Raki_Mkongwe

Dada, umeeleza vizuri, ila hitimisho silikubali. Sisemi aondoke nyuma moja kwa moja. Nasema robo moja ya kila mechi, au mechi chache kwa msimu, acheze mbele, na afanyishwe mazoezi ya mbele kila wiki.

Suns wenyewe wana mfano wa karibu. Mabior Chol alipotoka Richmond alionekana mrefu asiye na kazi maalumu. Mwaka 2022 mshambuliaji wao Ben King akiwa nje kwa goti, Chol akafunga magoli 44 na kuongoza timu. Mrefu mwenye kuruka vile, ukimpa mahali pa kukimbilia na mipira ya kutosha, magoli yanakuja.

Tatizo ni kwamba watu wanadhani kucheza mbele ni kusimama mbele ya goli na kuruka. Kuna kazi tatu ambazo Andrew lazima azifundishwe upya.

Ya kwanza ni kukimbilia mpira. Mshambuliaji anaanza kwa kumvuta beki wake upande asiotaka, hatua tatu au nne, halafu anakata ghafla kwenda kwa mpigaji kwa pembe. Ukianza mapema, beki anakusoma na mpigaji hajawa tayari. Ukichelewa, mpira unakupita kichwani. Saa ya kuanza ni pale mpigaji anapotua mguu wake baada ya kupokea na kuinua macho. Beki aliyekaa nyuma miaka mitatu ameshazoea kusubiri mpira umjie, na hilo linachukua muda kulifuta.

Ya pili ni mwili. Nyuma unaruhusiwa kupangua, na kupangua ni ushindi. Mbele lazima udake, au walau mpira uanguke miguuni mwa wenzako. Kwa hiyo unajifunza kushika nafasi: miguu imetanuka, mmoja mbele, nyonga chini, makalio yakimzuia beki, mikono bado iko chini. Ukiinua mikono mapema beki anakusukuma nyonga na umekwisha. Mikono inapanda mwisho kabisa.

Ya tatu ni mpira uliosimama baada ya kudaka. Una sekunde 30. Mpira wa panti ya kawaida unashikwa wima, nyuzi mbele, mkono unaoongoza unaushusha mpaka usawa wa nyonga ndipo unauachia. Mguu unaugonga kwenye ncha ya chini, nao unazunguka kinyumenyume. Kwa mtu wa mita 2 hapa pana hatari yake: nyonga yake iko juu, hivyo mpira unaanguka umbali mrefu zaidi kabla ya kukutana na mguu. Kila sentimita ya kuanguka ni nafasi ya mpira kupinda au upepo kuuingilia. Dawa ni kuinamisha kifua juu ya mpira na kuuongoza kwa mkono hadi chini kadiri inavyowezekana, kisha mguu uendelee kwenye mstari wa goli, usikatishe mbele ya mwili. Warefu wengi wanaopiga vibaya ukiwaangalia vizuri, mguu hauna kosa. Kosa ni mkono ulioachia mapema.

Yule wa Docklands alipiga huku uwanja mzima ukimzomea, muda umekwisha, na timu iko nyuma. Huwezi kuniambia hana moyo wa mbele.

---

Kasa_Mweusi

Moyo anao, hakuna anayebisha. Ila Suns hawana uhaba mbele. Ben King yupo, Jed Walter anakua, na mwishoni mwa 2025 walimleta Jamarra Ugle-Hagan kutoka Western Bulldogs. Ukimweka Andrew pale ni warefu wanne wanaogombea anga moja, na hakuna aliyebaki chini kuweka presha mpira ukianguka. Beki wa adui anaudaka au anaupangua, anatoka nao anakimbia. Mbele pa kisasa panataka warefu wawili, labda wawili na nusu, waliobaki wawe wenye mbio.

Na kabla mtu hajaleta hoja ya raki: hapana. Raki ni kugongana. Lile duara la mita 10 la katikati lipo ili maraki wasianze mbio kutoka mbali, kwa sababu ya magoti yaliyokuwa yakigongana. Kila mpira unaporushwa juu, watu wawili wa kilo 100 na zaidi wanakutana hewani kwa nyonga na goti. Raki wa Suns, Jarrod Witts, ana sentimita 209 na mwili wa kuhimili kazi hiyo. Kumtumia Andrew kama msaidizi mara tatu au nne ndani ya mita 50 za nyuma, raki akiwa amechelewa kufika, ni sawa. Zaidi ya hapo ni kupoteza goti la miaka kumi kwa faida ya robo moja.

---

Bin_Oval

Asanteni sana. Mama_Sherrin, nikuulize juu ya hiyo hoja ya kumwacha mtu. Mbona inaonekana anaumia zaidi mara tu baada ya goli, mpira ukianza katikati, kuliko mchezo ukiwa wazi? Au ni macho yangu?

Na hakuna aliyegusa suala la kilo.

---

Mama_Sherrin

Macho yako yako sawa, mkuu, na sababu ni ya kisheria. Tangu 2019 mpira unapoanza katikati kila timu lazima iwe na watu 6 nyuma, 6 katikati na 6 mbele, na mmoja wa kila pande awe ndani ya mraba wa goli. Maana yake beki hana mtu wa ziada wa kumfunika. Mpira ukichomoka katikati kwa sekunde tano, kila beki yuko mmoja kwa mmoja, na kuna uwazi wa mita 40 mbele yake. Ukimwacha mtu wako hapo, hakuna nyuma yako. Mchezo ukishakuwa wazi, viungo wanarudi, nafasi zinajaa, na ndipo Andrew anakuwa hatari.

Ongeza na sheria ya 2021 ya mpinzani anayesimama kwenye alama, pale mpira ulipodakwa: akishaambiwa asimame hatembei kushoto wala kulia. Aliyedaka anapata pembe ya kupiga kuelekea katikati ya uwanja, mpira unasafiri haraka, na mabeki wanapata muda mfupi wa kujipanga. Beki wa kunyakua wa miaka ya nyuma alikuwa na muda wa kusoma magazeti. Huyu wa sasa ana nusu yake.

Kwa hiyo mazoezi anayohitaji ni mawili tofauti. Kwa kuanzia katikati: mmoja kwa mmoja, uwazi wa mita 40 kwa 30, mpira unapigwa bila onyo na mpigaji aliye huru. Beki anaanza upande wa goli, nusu mwili mbele ya mshambuliaji, kiganja kikigusa nyonga yake ili ahisi anapoondoka bila kulazimika kumtazama. Mara 8 hadi 10, pumziko la kutosha, kisha basi. Ukizidisha, miguu inachoka na unajifunza kucheza umechoka tu. Kwa mchezo wazi: watu wanne kwa watatu, na kocha anambadilishia mpigaji, mara amebanwa, mara yuko huru. Andrew anatakiwa atamke kwa sauti "naondoka" au "nabaki" kabla ya mguu kugusa mpira. Kutamka ndiko kunakomlazimisha aamue mapema. Anayeamua mpira ukiwa hewani hapo ameshachelewa.

Hapa pia ndipo beki mwenzake Sam Collins ana thamani isiyoonekana. Collins akimchukua mshambuliaji mzito zaidi, Andrew anapata yule wa pili au wa tatu, ambaye anaweza kumwacha bila kuadhibiwa sana. Beki mwingine wao, Charlie Ballard, alipoumia goti mwaka 2024, mgawanyo huo ulibadilika, na kijana akabeba mzigo wa watu wazima mapema kuliko ilivyopangwa. Nadhani kulimkomaza, ila kulimwacha pia na tabia ya kutaka kuokoa kila mpira.

---

Goti_Salama

Nijibu ya kilo, maana ndiyo eneo ninalolifuatilia.

Mwili mrefu na mwembamba unaoruka kwa mguu mmoja una sehemu moja inayolipa gharama zote: kano iliyo chini ya goti. Sisemi Andrew ana tatizo hilo. Nasema ndiyo hatari ya mwili wa namna yake, na mpango wowote wa kumnenepesha lazima uanzie hapo. Ukimwongeza kilo 6 katika maandalizi ya msimu mmoja, kila anapotua kano ile inapokea mzigo ambao haijauzoea, na misuli inakua haraka kuliko kano. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanakuja wiki ya nane, katikati ya msimu, na yakishaingia yanakaa miezi.

Kasi salama kwa mtu wa umri wake ni kilo 1.5 hadi 2 za misuli kwa kila maandalizi ya msimu, kisha wakati wa msimu unalinda ulichopata. Kwa miaka mitatu hiyo ni kilo 4.5 hadi 6, na zinakaa. Protini gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 95 anataka gramu 150 hadi 190, zigawanywe milo minne au mitano, kwa sababu ukiziweka nyingi kwenye mlo mmoja wa usiku mwili hauzitumii vizuri kujenga misuli. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, kifua cha kuku cha gramu 150 karibu 45. Ukifanya hesabu utaona si mchezo: ni kula kama kazi. Na wanga usipunguzwe, maana warefu wanaokimbia kilomita 11 au 12 kwa mechi wakikosa wanga mwili unakula misuli ileile unayojaribu kuijenga.

Kano yenyewe: kusukuma bila kusogea, goti limekunjwa nyuzi 60, sekunde 45 mara 5, mapumziko ya dakika 2 katikati, kwa nguvu kama asilimia 70 ya uwezo wake. Hiyo hutuliza maumivu kama yapo na haichoshi, hivyo inafaa hata karibu na mechi. Kisha mazoezi mazito ya polepole, seti 4 za mara 6 hadi 8, sekunde 3 kushuka na sekunde 3 kupanda, siku tatu kwa wiki nje ya msimu na mbili ndani ya msimu. Kipimo ni kesho yake asubuhi. Akiamka goti lina maumivu zaidi ya jana asubuhi, mzigo ulizidi. Punguza kidogo, usiache kabisa. Wanaoacha kabisa kwa wiki mbili na kurudi na mzigo uleule ndio wanaoumia tena.

Jambo moja watu hulisahau. Nguvu anayoihitaji beki wa aina hii haiko kifuani. Iko kwenye nyonga na kiuno. Mshambuliaji mzito hamsukumi kwa mikono, anamsogeza kwa makalio. Beki mwenye nyonga imara na miguu iliyotanuka anasimama hata akiwa mwepesi kwa kilo 8. Beki mwenye kifua kikubwa na nyonga dhaifu anasogezwa kama kiti. Harris Andrews, beki wa Brisbane, naye anapita mita 2, na ukimtazama anavyoshindana utaona vita vyake viko chini ya mkanda, mikono inaingia mwisho.

---

Raki_Mkongwe

Hapo Goti_Salama umenifanya nifikiri. Kama mwili wa kucheza mbele na wa kucheza nyuma unajengwa tofauti, basi kumzungusha nafasi wakati mwili bado unajengwa ni kumpa kazi mbili kwa mshahara mmoja wa kano. Mshambuliaji anakata ghafla na kusimama mara nyingi zaidi kwa mechi kuliko beki wa kunyakua. Nakubali kwamba mwaka huu na ujao asizungushwe. Ila mazoezi ya mpira uliosimama asiache, mipira 20 baada ya mazoezi mara mbili kwa wiki, mita 30 hadi 45, pembe zote mbili. Siku timu inahitaji goli la mwisho atakuwa pale, na mguu utakuwa na kumbukumbu.

Kuhusu muda, wenye haraka wamwangalie Majak Daw. Alizaliwa Khartoum, North Melbourne wakampa nafasi kwenye drafti ya vijana wa ziada mwishoni mwa 2009, mechi ya kwanza ikaja 2013, na miaka mingi akachezeshwa mbele na kwenye raki. Alipopelekwa nyuma 2018 ndipo watu wakaona mchezaji aliyekuwamo muda wote. Miaka iliyopita kabla ya hapo hairudishwi.

---

Kasa_Mweusi

Na Aliir Aliir, ambaye wa upande wetu wengi wanamjua kwa sababu kazaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1994. Sydney Swans walimchukua 2013, akaanza 2016, na hakuingia kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima mpaka 2021 akiwa Port Adelaide. Beki wa kunyakua, kama Andrew, ila mfupi kwake kwa sentimita kadhaa. Umri wake 2021 ulikuwa 26 kwenda 27. Mabeki warefu hukomaa umri huo kwa sababu kazi yao ni kutambua mambo yanayojirudia, na kujirudia kunataka mechi 80 au 100 kichwani. Andrew alikuwa kwenye akademi ya Melbourne, na kama kanuni ya 2021 isingekataza klabu kulinganisha dau kwa vijana wa akademi zao (yaani kumchukua kijana wao hata klabu nyingine ikimtaja kwanza) ndani ya majina 20 ya kwanza ya drafti, leo tungekuwa tunamjadili kama beki wa Melbourne. Suns walimpata kwa mlango huo, na mkataba mrefu ulikuwa njia ya kuhakikisha hiyo miaka ya kukomaa hailiwi na klabu nyingine. Kwa maoni yangu ni uamuzi sahihi kuliko yote waliyofanya.

---

Bin_Oval

Nimeshawishika abaki nyuma. Swali la mwisho: mtu anayetaka kumfuatilia msimu mzima aandike nini kwenye daftari, kama kudaka si kipimo?

---

Mama_Sherrin

Ukipata nafasi ya kukaa Carrara, uwanja wa nyumbani wa Suns, kaa nyuma ya goli, usikae pembeni. Pembeni unaona mpira. Nyuma ya goli unaona mabeki wakipangana.

Andika mambo manne kwa kila mpira mrefu unaokuja upande wake. Aliondoka kwa mtu wake, ndiyo au hapana. Mpigaji alikuwa amebanwa au huru. Alidaka, alipangua nje, au alipangua mbele ya goli. Na baada ya kudaka, mpira wake wa kwanza ulifika kwa nani. Hili la nne halitajwi, na kwangu ndilo litakaloamua kama anakuwa beki mzuri au beki wa kikosi bora cha ligi. Beki anayenyakua mpira kisha akapiga mrefu ukingoni, kwa mkupuo, ameokoa hatari kwa sekunde 20 tu. Anayenyakua, akainua macho na kupiga kwa pembe kuingia ndani, mita 25 hadi 35, akampata mtu aliye huru upande wa pili, amegeuza ulinzi kuwa shambulizi. Andrew upande huo bado anasitasita. Utamwona anashika, anageuka kumtafuta mwenzake wa karibu ampe pasi ya ngumi, wakati njia ya ndani iko wazi kwa sekunde moja na nusu halafu inafungwa.

Daftari la mechi wanazocheza Darwin, kaskazini mwa Australia, liweke mbali na mengine. Unyevu wa usiku kule unaufanya mpira kuwa kama sabuni, na anayedaka kwa vidole juu ya kichwa anaadhibiwa. Beki mwenye akili usiku huo anapangua mipira mingi zaidi, na anayotaka kudaka anaileta kifuani, mwili wote nyuma ya mpira. Ukimwona Andrew kwenye unyevu bado anaunyooshea mikono kila mpira, andika. Ukimwona anaanza kuchagua, andika pia, na weka tarehe.

---

Goti_Salama

Ongeza safu ya tano: anatua kwa mguu upi, mmoja au miwili. Robo ya nne akichoka atatua kwa mguu mmoja na goti likiingia ndani. Ukiona mara tatu kwenye mechi moja, wiki inayofuata apewe mazoezi mepesi ya kuruka, hata kama alikuwa mchezaji bora wa siku.

---

Bin_Oval

Nimechora jedwali tayari, safu tano na moja ya hali ya hewa. Nitaanza na mechi ya kwanza ya nyumbani na kuleta karatasi hapa, aliyeona tofauti anisahihishe.